Shajara ya mradi: kufungua dirisha kwenye yai la kuku, saa 18 mpaka 72, kwa vifaa vya Kariakoo

Mradi wenyewe ni huu: kuona kwa macho jinsi seli za kiinitete cha kuku zinavyogawana kazi, kuanzia kidoa cheupe juu ya kiini mpaka moyo unapiga. Sina hadubini ya maana, nina simu na lenzi ya kubana, na wanafunzi wawili wa tuisheni wa form six waliochoka kukariri michoro ya ektodemu na mesodemu (matabaka ya seli ya mwanzo, la nje na la kati) bila kuona chochote. Naongeza kila hatua ikiisha ili mwalimu mwingine aweze kurudia. Ya kawaida nayapita fasta, palipokwama ndo nakaa.

15 Februari 2025. Boksi

Boksi ni lile jeupe la foam la wauza samaki, nimelipata feri kwa 8,000, likakaa na jiki siku mbili harufu ikaisha, au tuseme ikapungua. Ndani kuna balbu mbili za njano za wati 25 (zile za zamani, LED haitoi joto la kueleweka), feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, thermostati ya kidijitali ya 25,000, bakuli la maji na kipima unyevu. Fundi kaunganisha kwa 10,000, akanishauri "Mwalimu weka balbu ya sitini utotoleshe vifaranga wengi", nikamwambia sitotoleshi, nafungua mayai siku ya pili tu, akacheka akaondoka zake.

Lengo ni nyuzi 37.5 mpaka 38, unyevu 50 hadi 60%. Boksi limezunguka tupu siku nzima, thermostati inasoma 37.8 imetulia. Kumbuka hiyo namba, itarudi kunisumbua.

22 Februari. Mayai yenye jogoo

Mayai ya trei ya dukani ni ya kuku wa kisasa ambao hawajawahi kuona jogoo, kila mtu anajua na bado kila anayeanza anajaribu kwanza kuokoa hela. Usijaribu. Mimi nanunua kwa mama mmoja anayeleta kienyeji kutoka Mkuranga, 500 kwa yai. "Haya yana jogoo mwanangu, tena majogoo wawili, mmoja mkali."

Maneno ni maneno, kwa hiyo katika kila mzigo tunapasua machache kwenye sahani nyeupe na kuangalia kidoa juu ya kiini. Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo cheupe kilichojaa, kingo zake hazieleweki. Lenye mbegu lina duara la milimita 3 au 4, ukingo mweupe, katikati pamefifia, linaonekana wazi kabisa ukishaliona mara moja. Mama hakudanganya, mengi yalikuwa nayo.

Hapa wanafunzi walishangaa, maana walidhani yai likitagwa ndo mambo yanaanza. Hapana, kiinitete kimeshakaa karibu siku nzima ndani ya kuku, kikitoka hiyo duara ina seli makumi elfu tayari. Zimeongezeka tu lakini kazi hazijagawanywa. Zimepangika tabaka mbili, ya juu inaitwa epiblasti na ya chini hypoblasti, na kifaranga mzima, manyoya, ini, misuli, ubongo, anatoka kwenye ile ya juu peke yake. Watafiti wameshawahi kukata duara hilo vipande wakati huu na vipande vikajaribu kila kimoja kutengeneza kiinitete chake kamili. Yaani hakuna seli iliyoambiwa "wewe ni mguu". Ndo maana tunataka kuanzia hapa.

2 Machi. Joto la Dar limeanza kazi kabla yetu

Mzigo wa kwanza umeharibika karibu wote na mashine haina kosa. Mama alikuwa analeta mayai mawili matatu kwa siku, tunayaweka kwenye kabati mpaka yafike ya kutosha, wiki nzima. Tukayaingiza wote pamoja jioni, kesho yake jioni tukafungua manne. Moja lina mstari mzuri tu wa kiwango cha saa 24 (mstari ni pale seli zinapozama ndani, nitaueleza mbele). Moja lina duara lililotanuka kama sentimita moja na nusu halafu katikati hamna kitu, hakuna mstari, hakuna mbele wala nyuma. Mawili yamechafuka, yamekufa. Mayai yale yale, mama yule yule, mashine moja, saa moja.

Tofauti ilikuwa siku zilizokaa kabatini. Kiinitete cha kuku kinalala pale joto likiwa chini ya takriban nyuzi 20, ndo maana kuku anaweza kutaga moja moja kwa wiki mbili halafu akaatamia na wote wakatotoka siku moja. Ila chumba changu mchana kinafika 30 na 31. Hapo kiinitete hakilali na hakiamki vizuri, seli zinaendelea kugawanyika bila mpangilio kwa sababu joto la kuendesha mpangilio halijafika, ikiendelea siku kadhaa kinakufa au kinakuwa duara kubwa lisilo na mtu ndani. Vitabu vinavyosema "hifadhi kwenye joto la chumba" vimeandikwa na watu ambao chumba chao ni nyuzi 18.

Tulivyojaribu kurekebisha:

Friji. Nyuzi 4, baridi mno, halafu ukiyatoa yanatoa jasho na jasho linaingiza vijidudu kwenye ganda. Mengi hayakuanza kabisa.

Mtungi ndani ya mtungi na mchanga mbichi katikati. Dodoma huo mtambo unafanya kazi safi, hapa hewa yenyewe imeshiba maji, hakuna kinachokauka, ukaishia 27.

Kuluboksi ya kuazima, chupa ya maji ya barafu iliyoviringishwa taulo, kipimajoto ndani, chupa inabadilishwa asubuhi na jioni. Inakaa kati ya 15 na 19. Hii ndo tumebaki nayo. Ncha ya yai chini, na yai lisizidi siku 3 au 4 toka litagwe. Kabla ya kuingiza kwenye mashine tunayatoa masaa machache yapoe ubaridi ili yasitoe jasho.

Mama naye tukamwomba ayaokote asubuhi mapema yasishinde kwenye kiota na kuku mwenye joto la kuatamia juu yake. Akauliza tunayafanyia nini mayai mpaka masharti yote haya. Nikamwambia somo. "Haya mwanangu, mradi hela inalipwa."

16 Machi. Saa 48, lakini kiinitete kinasema vingine

Mzigo wa pili ulianza vizuri, karibu mayai yote yako hai. Tukafungua saa ya 48 tukitegemea kukuta kiinitete chenye mishipa na moyo uliojikunja. Tukakuta kitoto kimenyooka, moyo ndo kwanza unagutuka gutuka, na somaiti jozi 9 au 10.

Hapa inabidi nieleze somaiti maana ndo saa yetu tangu siku hiyo. Ubavuni mwa mrija wa neva, ule utakaokuwa ubongo na neva kuu ya mgongoni, kushoto na kulia, mesodemu inajikata vipande vya mraba viwili viwili, vimejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi, na ndo vitakuja kuwa pingili za uti wa mgongo, misuli ya mgongo na ngozi ya ndani ya mgongo. Kwa kuku jozi moja inaongezeka takriban kila dakika 90. Mwaka 1951 Viktor Hamburger na Howard Hamilton walitoa orodha ya hatua 46 za kuku tangu kuanza kuatamiwa mpaka kutotoka, na hawakuzipa majina kwa masaa, walizipa kwa kile unachokiona, kwa sababu walijua masaa yanadanganya. Katika siku ya pili ni somaiti: hatua ya 7 jozi moja, ya 8 jozi nne, ya 9 saba, ya 10 kumi, unaongeza tatu tatu mpaka hatua ya 14 yenye 22. Hatua ya 10 ni kitu cha saa 33 mpaka 38. Sisi tulikuwa saa 48.

Kwa hiyo masaa kumi yamepotea mahali, na thermostati inasoma 37.8. Mwanafunzi mmoja akachukua kipimajoto cha homa cha nyumbani, cha kidijitali, 5,000 duka la dawa, akakilaza katikati ya mayai dakika tano. 34.6.

Sensa ya thermostati ilikuwa inaning'inia juu jirani na balbu, inapima joto la balbu sio la mayai. Tumeishusha usawa wa mayai na kuitia kwenye kifuko kidogo cha nailoni chenye maji, hivyo haishtuki kila ukifungua mfuniko, inapanda na kushuka pole pole kama yai lenyewe. Feni tumeigeuza ipulize ukutani. Kipimajoto cha homa sasa ndo hakimu, kwa sababu kimetengenezwa kiwe sahihi kwenye digrii hizo hizo tunazozitaka, kuliko vile vya kubandika vya 3,000 ambavyo vitatu vilikuwa na majibu matatu.

Baada ya hapo saa 48 ikatupa jozi 17. Sawa sawa na inavyotakiwa.

Ukitaka kurudia mradi huu chukua hilo kwanza: usiulize yai limekaa saa ngapi, hesabu somaiti halafu yenyewe itakwambia mashine yako ikoje.

29 Machi. Dirisha, na wino uliotuulia

Kufungua. Laza yai dakika 30 bila kuligusa, kiinitete kinapanda juu chenyewe kwa sababu upande wake wa kiini ni mwepesi. Weka alama ya penseli juu. Futa na spiriti. Toboa ncha butu kwa sindano ya bikari, ingiza sirinji ya 5 ml ikielekea chini, vuta ute kama 4 ml, ziba kwa selotepu. Kiinitete kinashuka mbali na ganda. Bandika selotepu pana juu ya alama ili ganda lisipasuke ovyo, kata dirisha la sentimita 2 kwa mkasi mdogo uliochongoka. Ukimaliza kuangalia ziba kwa selotepu, rudisha kwenye mashine, usiligeuze tena.

Yaliyoharibika: ukiruka hatua ya kuvuta ute, mkasi unakata utando wa kiini, kwisha habari. Ukivuta sirinji ikaja njano umetoboa kiini, weka pembeni. Vumbi la ganda likidondokea juu ya kiinitete usilitoe kwa kidole, tone la maji ya dripu linalisukuma pembeni.

Shida kubwa ni kwamba kiinitete cha siku moja na nusu ni angavu, juu ya kiini cha njano huoni kitu. Maabara wanaingiza wino mweusi maalumu chini ya duara ili kiinitete kionekane cheupe juu ya weusi. Sisi tulitumia wino wa muhuri, tuliupunguza makali kwa maji ya dripu, tukaingiza tone kwa sindano nyembamba. Picha ikatoka, sijawahi kuona kitu kizuri vile, mrija wa neva unaziba laivu, somaiti zinahesabika, tukapiga picha za kutosha. Baada ya dakika kama kumi moyo ukaanza kupunguza mwendo. Asubuhi yote matatu yenye wino yamekufa, na mawili tuliyofungua bila wino yako hai na mishipa mizuri, kwa hiyo sio dirisha lililoua, ni wino. Wino wa muhuri una dawa za kuufanya usikauke, kwa seli ni sumu. Hata huo mweusi wa wachoraji sio wote salama, inategemea walichouchanganyia.

Wino tumeacha. Tochi ya simu kwa pembeni, chumba giza, lenzi inabanwa, inatosha kuhesabu somaiti kwa taabu kidogo. Kwa picha nzuri tumehamia njia nyingine, inafuata.

12 Aprili. Pete ya karatasi

Ukitaka kukiangalia kiinitete vizuri inabidi ukitoe. Ukikichota kwa kijiko kinajikunja na kuchanika, ni chembamba kuliko nailoni ya sambusa. Kinachofanya kazi ni pete: unatoboa karatasi ya kuchujia kwa kitoboleo cha faili, matundu mawili yaliyopandana ili upate tundu refu, unakata kijiduara kuzunguka. Pasua yai taratibu kwenye bakuli, futa ute mzito pale juu kwa kitambaa laini (hii ndo siri, ute ukibaki karatasi haishiki), laza pete kiinitete kikae katikati ya tundu. Karatasi inashika utando wa kiini. Kata kwa mkasi kuzunguka nje ya pete, kisha ivute kwa pembeni, sio kuinua juu moja kwa moja. Inakuja na kiinitete kimevutwa vizuri kama ngoma. Suuza kiini kwa sirinji isiyo na sindano, pindua tumbo juu, weka juu ya kitu cheusi.

Tishu za chooni na serviti zinayeyuka, tumeshajaribu. Karatasi ya kuchujia ya maabara tu.

Sasa niseme tulichokiona kwa pete tatu za masaa tofauti, maana ndo sababu ya kazi yote.

Saa 18 hivi: mstari mmoja tu katikati, kutoka nyuma kwenda karibu na kati kati ya duara, na mwisho wake wa mbele kuna kifundo kidogo, wanaita kifundo cha Hensen. Ule mstari sio kiungo cha mwili, ni mlango. Seli za tabaka la juu zinatembea mpaka pale, zinazama ndani. Zilizotangulia zinakwenda chini kabisa kuwa endodemu, utumbo na mapafu, zinazofuata zinabaki katikati kuwa mesodemu, moyo, damu, figo, misuli, na zile ambazo hazikuzama ni ektodemu, ngozi na ubongo. Kwa hiyo kazi ya seli inategemea umepita mlango lini na umepitia sehemu gani ya mlango. Wanafunzi wangu walikariri tabaka tatu tangu form four, siku hii ndo mmoja akauliza swali la maana, je ukiichukua seli kabla haijazama ukaiweka sehemu nyingine inakuwaje? Jibu ni kwamba kwa wakati huo mara nyingi inafuata majirani zake wapya. Na kifundo chenyewe ukikihamishia pembeni kinaweza kuwashawishi majirani watengeneze mwili wa pili. Hilo lilionekana kwanza kwa salamanda wadogo wa maji baridi, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold, walichapisha 1924 kule Ujerumani. Mwaka huo huo Hilde alifariki kwa ajali ya moto nyumbani, akiwa na miaka 25. Tuzo ya Nobel alipewa Spemann 1935.

Saa 28: jozi nne. Mbele mikunjo miwili ya ubongo imesimama inatazamana, nyuma bado ule mstari upo. Yaani kichwa kinaunda ubongo wakati mkiani seli bado zinapita mlangoni. Mwili mmoja, umri mbili.

Saa 42: jozi 13, pete ikiwa tumbo juu. Moyo ni mrija mmoja umejibinua upande, unapiga. Ulikuwa miwili, kushoto na kulia, ikasogea katikati ikaungana, na ukizuia isiungane kila mmoja unaweza kupiga kivyake. Pembeni mbali kabisa na kitoto, kwenye duara la nje, kuna madoa mekundu yametawanyika, visiwa vya damu. Hapo tulikaa sana. Seli za nje za kila kisiwa zinakuwa ukuta wa mshipa, za ndani zinajaza hemoglobini zinakuwa damu, ndugu wa kundi moja. Jana yake hapo hapo palikuwa peupe. Mwanafunzi mwingine, yule mkimya, akasema "Mwalimu, damu imetengenezwa nje ya mwili ndo ikaja kuingia?" Ndiyo. Moyo ulikuwa unapiga masaa kadhaa bila damu ya kusukuma, mpaka mabomba yaungane.

26 Aprili. Moyo na maji ya dripu

Kukatokea ishu ambayo mwanzo tulidhani ni baridi. Kila kiinitete tukikiweka kwenye sahani moyo unapiga vizuri, baada ya muda mfupi unalegea, unasimama. Tukaweka sahani juu ya bakuli la maji ya nyuzi 38, bado. Tukapunguza mwanga, bado. Ndani ya yai lenye dirisha moyo unaenda siku nzima, kwenye sahani dakika chache.

Tulikuwa tunatumia dripu ya chumvi ya kawaida, ile ya 0.9%, na ndani yake kuna chumvi na maji, basi. Hamna kalsiamu. Na msuli wa moyo bila kalsiamu ya nje haujikunji. Hii stori ina zaidi ya miaka 140: Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa anaweka mioyo ya chura kwenye maji ya chumvi na ilikuwa inapiga vizuri, kumbe msaidizi wake alitumia maji ya bomba badala ya yaliyochujwa, na maji ya bomba ya London yana kalsiamu. Walipotumia maji safi kabisa moyo ukasimama. Akachapisha 1883 na mpaka leo jina lake liko kwenye dripu inayouzwa duka la dawa.

Nikanunua hiyo sasa, Ringer lakteti, nusu lita 3,000. Tulipohamisha viwili vilivyokuwa vimesimama, kimoja kiliamka. Vilivyoanzia humo moja kwa moja vilipiga zaidi ya saa nzima sahani ikiwa ya moto, mpaka sisi wenyewe tukachoka. Kwa hiyo: chumvi ya kawaida kwa kusuuza, Ringer lakteti kwa kila kitu unachotaka kiishi.

Halafu tukakata. Kiinitete cha jozi 15, moyo tukaukata vipande viwili kwa ncha za sindano mbili. Vyote viwili vinapiga, kila kimoja kwa mwendo wake, kile cha nyuma ambako damu inaingilia kinakimbia, cha mbele kinajivuta. Hakuna neva iliyofika hapo bado, ubongo hauamuru kitu, kupiga kumo ndani ya seli zenyewe. Na moyo ukiwa mzima kile kipande cha mbele kinamfuata wa nyuma. Ukikitenganisha ndo unajua kina mwendo wake.

Video ya hicho kipande ndo imezunguka kwenye magrupu yote ya shule, na nimeulizwa na watu wazima kama yai lilikuwa limechemshwa.

10 Mei. Umeme

Masika. Umeme ukakatika saa 2 usiku ukarudi kama saa 7, mzigo ulikuwa saa ya 30. Nikajaza chupa mbili za maji ya moto, nikafunika boksi kwa blanketi, ikashuka mpaka 29 hivi. Nilidhani mzigo umekwenda. Saa 48 tukafungua: hai, wenye sura nzuri, jozi 13 na 14. Ilitakiwa iwe 16 na kidogo. Pungufu ya jozi tatu hivi, mara dakika 90, ni masaa manne na nusu, yaani giza lote limeandikwa mgongoni mwa kiinitete. Havikuharibika, vilisubiri. Kuku naye anatoka kiotani kula.

Kilichoharibika ni mayai mawili ya siku 4 yaliyokuwa na dirisha tayari, asubuhi kuna pete ya damu, yaani mishipa imeachia na damu imekusanyika duara pembeni. Ukiona hiyo kimekufa. Ila sina uhakika ni baridi au selotepu iliyoachia, ilikuwa imelegea, kwa hiyo siilaumu baridi. Selotepu sasa tunapita mara mbili, ya pili upana wote.

Kiasi cha huruma pia nitaje, nimeulizwa. Hatupitishi siku ya 5. Uingereza sheria yao ya maabara inaanza kumlinda kiinitete cha ndege theluthi ya mwisho ya kuatamiwa, kwa kuku ni kama siku ya 14, sisi hatufiki hata karibu. Tukimaliza yanaingia friza, kisha yanazikwa. Hayaliwi, jirani ameshauliza.

24 Mei. Hela, na mzigo unaofuata

Boksi 8,000. Thermostati 25,000. Balbu, holda, waya na feni 14,000. Kipima unyevu 10,000. Fundi 10,000. Kipimajoto cha homa 5,000. Mayai yote mpaka leo 52,500. Dripu za aina zote mbili 6,000. Sirinji, spiriti, selotepu, glavu 9,000. Mkasi 7,000. Lenzi ya simu 15,000. Jumla 161,500, kuluboksi ya kuazima. Ukianza leo ukijua ya kwenye shajara hii, mayai ya 20,000 yanatosha na wino hununui.

Mzigo unaofuata ni kware. Sababu sio kwamba ni wadogo. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin, Ufaransa, aliona kwamba kiini cha seli ya kware wa Kijapani, ndo huyu huyu anayefugwa hapa kwetu, kina bonge la weusi ambalo cha kuku hakina, hivyo ukipandikiza kipande cha kware kwenye kiinitete cha kuku unaweza kufuatilia kila seli ilikokwenda. Hivyo ndo watu walivyojua kwa uhakika seli za kilele cha mrija wa neva zinasafiri na kuwa rangi ya ngozi, neva za utumbo na mifupa ya uso. Kupandikiza sisi hatuwezi na hadubini ya kuonyesha hilo bonge hatuna, tunataka tu kuweka kware na kuku sambamba tuhesabu somaiti. Kware anatotoka siku 16 mpaka 18, kuku 21, ila siku mbili za mwanzo wanasemekana kwenda karibu sawa, na hilo tunaweza kulipima wenyewe.

Tahadhari ya awali: wafugaji wengi wa mayai ya kula wanatenga madume, kwa hiyo yale mayai ya kware tuliyopasua ya muuzaji wa kwanza yote hayakuwa na mbegu. Wa pili anachanganya dume na majike, matano kati ya sita yana duara. Utando wa ndani wa ganda ni mgumu kuliko wa kuku, mkasi unateleza, tutatumia wa kucha. Nitayachukua Jumatano yakae kuluboksi, yanaingia mashine Ijumaa saa 12 jioni pamoja na ya kuku, saa ya 40 iangukie Jumapili saa 4 asubuhi wote tukiwa huru.